Siku Nilipopeleka Posa Barking

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi, kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nimekubali kwa sharti moja: habari za vyeo hamzipati. Vyeo vimo kwenye mafaili, na vingine nilipewa ili tu nihamishwe chumba. Nitawaandikia yale ambayo hayamo kwenye faili lolote, hasa ile posa ya Barking, kule mashariki mwa London, ambayo mmeniuliza mara nyingi na mimi kila mara nikajifanya nina simu ya kupokea.

Mimi sikusomea diplomasia. Nilikuwa mwanasiasa wa jimbo, mwakilishi wa watu wa kusini mwa Unguja. Kazi yangu ilikuwa kuhudhuria maziko, harusi na maulidi, kula kila nilichowekewa mbele, na kuahidi maji ya bomba. Maji yalipochelewa kupita kiasi, wapiga kura wakanipumzisha. Kwetu mwanasiasa aliyeangushwa lakini bado anapendwa na wakubwa haachwi akakaa kibarazani akasema ovyo, hupewa tiketi ya ndege. Ndivyo nilivyofika London, miaka ya tisini, na suti mbili za kitambaa chepesi cha nchi za joto na koti la mvua la kuazima.

Siku ya kwanza nilitoka kituo cha treni nikitembea kwenda ubalozini, na njia nzima nikawa nasalimia watu. Sikujua namna nyingine ya kutembea. Nilipofika barabara ya tatu mama mmoja alivuka akaenda upande wa pili, na mzee mmoja akaniambia hana chenji. Jioni yake nikapelekwa kwenye hafla ya mabalozi, watu wameshika glasi, kila mmoja anachungulia juu ya bega la mwenzake. Nikamvaa bwana mmoja wa serikali yao, nikamuuliza kama nilivyokuwa nikiuliza jimboni: "Nyinyi hapa shida yenu kubwa ni nini?" Alifikiri kwa dhati kabisa. Akasema: "Parking." Nikamwahidi nitalifuatilia.

Balozi wetu wa wakati ule alikuwa mzee wa Bara, mpole wa sauti, mtu wa kupangusa miwani kabla ya kusema neno. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniita siku ya pili, habari za parking zilikwishamfikia, akaniambia, "Bwana Vuai, ukiulizwa swali gumu usilijibu, wala usilikatae. Jibu lile lililo karibu yake." Nikamwambia nimeelewa. Akaniuliza kwa nini serikali yetu inachelewesha jambo fulani, nimelisahau sasa. Nikamjibu kwamba uhusiano wa nchi zetu mbili ni wa kihistoria. Akatabasamu, akasema nitafika mbali. Kwa miezi nilifanya mazoezi ndani ya basi: abiria akiniuliza kama kiti kina mtu, namwambia hali ya hewa leo si mbaya.

Kuhusu vifaa vya kazi, sahauni kalamu za dhahabu. Nunueni viatu visivyopitisha maji na mwavuli wa mbao, si ule wa kukunja unaogeuka nje ndani kwa upepo mdogo. Na wekeni halua ofisini. Halua ya kwetu, ya kwenye kikapu, imenifungulia milango mingi kuliko hati zangu za utambulisho. Kingsbury, huko huko London, kulikuwa na mama mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Unguja mjini, mwenye duka la mhogo, bamia na viungo. Alikuja kuomba viza ya kwenda kuona mtaa aliozaliwa, akanikuta mezani, akanihoji yeye: "Weye mtoto wa nani? Wa shamba weye, nasikia unavyosema. Mama'ko alikuwa akinunua wapi vitambaa?" Nikajikuta najibu moja baada ya jingine, mimi ndiye niliyevaa tai. Alipoondoka na viza yake alichukua na robo ya halua yangu. Kuanzia siku hiyo kila Mzanzibari mpya aliyeingia London nilipata habari zake dukani kwa yule mama kabla hajafungua mabegi.

Na jifunzeni kungoja. Croydon, kusini mwa London, kuna lile jengo kubwa la mambo ya uhamiaji, na nimekaa humo na Watanzania wenzangu waliopoteza pasi, waliopotelewa na waume, na mmoja aliyekuwa na pasi mbili zenye majina mawili na sura moja. Mbele ya ofisa wa pale usipige meza. Kaa, nyoosha mgongo, zungumza taratibu. Njaa ikiuma, toka ukapande tramu kituo kimoja, ule, urudi. Hayo yote niliyaona magumu, mpaka Khamis aliponijia.

Khamis Juma alikuwa ofisa wetu wa chini, kijana wa Unguja, mwenye adabu na mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanakata. Alifunga mlango wangu taratibu akasema, "Mheshimiwa, nataka unishike mkono. Nataka kuoa."

"Mbona jambo la heri hilo. Nani?"

"Salma. Mfamasia, yuko Barking. Binti wa Mzee Seif."

Nikaweka kikombe chini. Mzee Seif nilimjua kwa sifa. Alikuwa karani bandarini Unguja, akaondoka na mkewe baada ya Mapinduzi, akaja huku akaendesha mabasi mpaka akastaafu. Kaka yake, Mwalimu Nassor, alichukuliwa nyumbani kwake siku zile na hakuonekana tena. Tangu hapo Mzee Seif hakukanyaga ubalozini, wala hakuhudhuria Idi yoyote ambayo sisi tulikuwa tumealikwa. Na baba yake Khamis, Mzee Juma, nilimjua zaidi, maana alikuwa mpiga debe wangu jimboni. Juma alikuwa mmoja wa vijana waliobeba silaha siku ya Mapinduzi, na hakuficha, kila sherehe alikaa mstari wa mbele na kofia yake.

"Salma anajua?" nikamuuliza.

"Anajua. Anasema yeye haolewi na baba yangu."

"Na mzee wake?"

"Hajui bado." Akainama. "Mheshimiwa, akiuliza, mwambie baba wakati ule alikuwa Dar. Nakuomba. Nikimkosa Salma mie nimekwisha."

Nilikwenda kwa Balozi kumwarifu, maana jambo lenyewe lilikuwa na harufu ya siasa. Akapangusa miwani muda mrefu. "Nenda," akasema. "Lakini huendi kama ubalozi. Nenda kama mzee wa kijana." Ushauri mzuri sana. Jumamosi nikausahau, nikapanda gari la ubalozi, maana mwanasiasa hajui kwenda nyumba ya mtu bila gari kumtangulia. Dereva akalisimamisha mlangoni pa Mzee Seif, jeusi, linang'aa, na namba zake za kibalozi. Mapazia ya mtaa mzima yakatikisika.

Mzee Seif alifungua mwenyewe. Mtu mrefu, mkavu, kofia ya kiua, sweta la kijani. Hakuniangalia mimi, aliangalia gari.

"Mara ya mwisho gari ya serikali kusimama mlangoni petu," akasema, "aliyetoka nayo hakurudi. Iondoe. Kisha kama una haja na mie, rudi kwa miguu."

Nikamrudisha dereva mjini, nikazunguka mtaa mzima kwa miguu, mvua inanipiga, nikagonga tena. Nawaambieni ukweli, niliona haya. Safari hii akanikaribisha ndani, nikavua viatu, nikakaa. Mkewe, Bi Zuwena, akanisalimia kutoka mlango wa jikoni, na nyuma yake nikamwona Salma mwenyewe, bado yuko na sare ya kazini.

Nikalisema lililonileta kwa utaratibu wake: kijana ni nani, kazi yake, tabia yake, na kwamba tumekuja kuomba. Mzee Seif alisikiliza mpaka mwisho. Kijana kama kijana hakumtia dosari. Aliniuliza sala zake, akaniuliza deni, akaniuliza kama anavuta sigara. Kisha akauliza lile lenyewe.

"Baba'ke siku ya Mapinduzi alikuwa wapi?"

Nikajibu lililo karibu yake. Nikasema baba yake ni mtu wa kusini, mkulima, mwenye kuheshimika kijijini.

"Sikukuuliza analima nini. Alikuwa wapi?"

Nikasema zile zilikuwa nyakati ngumu kwa kila mtu, na Alhamdulillahi leo vijana wetu hawa wanatupa nafasi ya kutazama mbele.

Mzee Seif akacheka, kicheko kikavu. "Unajua, Mheshimiwa, mie nimeendesha basi London hii miaka na miaka. Wamepanda watu wengi wa kwetu. Na kila niliyemuuliza siku ile alikuwa wapi, alikuwa Dar. Mwengine alikuwa Mombasa. Mwengine anaumwa homa. Kisiwa kizima kilikuwa hakina mtu. Sasa ndugu yangu kachukuliwa na nani?"

Salma akasema kutoka mlangoni, "Dad, please."

"Ngoja, mama," akamwambia bila ya ukali. "Mzee kaja kuposa. Mshenga anaulizwa, anajibu."

Hapo ndipo nilipokwama. Neno "Dar" nilikuwa nalo tayari mdomoni, na akilini nilimwona Khamis na mashati yake. Juma alikuwa mbali, hakuna ambaye angemuuliza. Lakini kwetu mshenga ndiye macho ya baba wa binti. Akificha ukoo wa mwanamume, amemuuza mtoto wa watu, na lawama hiyo haina mwisho. Kuidanganya hafla nzima ya mabalozi nilikuwa naweza na bado nikalala usingizi. Kumdanganya yule mzee ndani ya nyumba yake, nimevua viatu, sikuweza.

"Alikuwepo," nikasema. "Alikuwa na silaha. Alikuwa kijana wa umri wa Khamis au chini yake. Zaidi ya hapo sijui, sijapata kumuuliza."

Bi Zuwena akajishika kifua. Salma akageuka akaingia jikoni, na mimi nikajua nimemvunjia Khamis nyumba kabla hajaijenga. Mzee Seif alishika magoti yake.

"Weye wa kwanza," akasema mwishowe.

Kisha akanieleza. Alieleza taratibu, na nadhani alikuwa anamweleza na Salma, maana alipaza sauti kidogo kuelekea jikoni. Mwalimu Nassor hakupata kufanyiwa matanga. Hakuna aliyemwona maiti, hakuna aliyeleta habari, na mama yao alikataa asisomewe khitma mtu ambaye huenda yuko hai gerezani. Mama akafa akisubiri. Mjane wa Mwalimu hakukaa eda wala hakuolewa tena. "Mie sina neno na kijana wako," akasema. "Lakini nyumba hii ina msiba ambao haujaanza. Harusi niiweke wapi? Mwambie baba'ke aje. Aje yeye mwenyewe, si kwa mjumbe, wala si kwa simu. Nimuulize, anijibu. Kisha ndiyo nitajua."

Nilirudi mjini kwa treni, soksi zimeloa. Jumatatu nikamweleza Khamis, akanitazama kwa macho mekundu, akasema, "Mheshimiwa, nilikuomba." Nikamwambia najua. Akakaa siku kadhaa hanisemeshi ila kwa mambo ya kazi, na mashati yake yakawa hayajapigwa pasi. Iliniuma, maana nilimpenda kijana yule kama wangu.

Nikampigia Juma Unguja. Ile simu mnaikumbuka, unasema neno, unasubiri, sauti yako mwenyewe inakurudia.

"Juma, unatakiwa Barking."

"Barking ndiyo wapi?"

"Ni kwa mkweo, inshallah. Ndugu ya Mwalimu Nassor. Anataka kukuuliza."

Nikaisikia sauti yangu ikinirudia. Kisha Juma akasema, "Nina nguo za baridi mie?"

Alikuja. Nilimpokea uwanja wa ndege na koti langu lile la kuazima, ambalo mwenyewe hajalidai mpaka leo. Njia nzima ndani ya treni niliogopa jambo moja tu: Juma alikuwa msemaji. Nimemsikia kwenye sherehe mara nyingi, na nilihofia akifika pale atafungua kifua atoe ile hotuba yake ya kila mwaka, kwanza wakoloni, kisha karafuu, mpaka afike kwake mwenyewe. Nikataka kumwonya, lakini nilipomtazama niliona anasoma majina ya vituo kwa midomo, kimoja kimoja. Nikamwacha.

Mzee Seif alitupokea mlangoni, akamtazama Juma toka juu mpaka chini. Wakapeana salamu. Juma alikataa kiti, akakaa chini kwenye zulia, na Mzee Seif, baada ya kusita, naye akashuka akakaa chini mbele yake. Mimi nikabaki peke yangu juu ya sofa, nikajiona mpumbavu, nikashuka na mimi. Khamis, aliyefuatana nasi, alibaki nje, kwenye baridi, hakutaka kuingia, na Salma alikwenda kusimama naye.

"Ulikuwepo," akasema Mzee Seif.

"Nilikuwepo."

"Ndugu yangu, Mwalimu Nassor, ulimwona?"

Juma akavua kofia. "Alinisomesha darasa la nne. Nilimwona."

"Weye ndiye uliyemuua?"

"Siye mie. Lakini nilikuwa na waliomuua, na nilikuwa na silaha mkononi, na sikusema kitu. Nilifika alikwisha anguka. Wengine wakaondoka. Nilikwenda nyumba ya pili, nikaomba kanga, mama mmoja akanipa. Nikamfunika."

"Alifunikwa?"

"Alifunikwa. Uso na miguu. Na alfajiri tulirudi mie na wenzangu wawili, tukamzika nyuma ya skuli. Napajua pahala. Hakukuwa na shekhe, na mie nilikuwa sijui kitu. Nilisoma Alhamdu tu."

Mzee Seif alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamshuka kwenye ndevu zake fupi, wala hayafuti. "Na miaka yote hii, bwana? Mama yangu alikuwa hai. Hukuweza kusema?"

"Ningesema kwa nani? Kwenu hamkubakia mwanamume. Na kwetu neno hilo halikuwa la kusemwa. Nilisema mengine, kila mwaka nikiitwa nasema. Hili sikulisema."

Nakumbuka redio ya jirani, na nilivyotamani mtu aseme kitu, na jinsi nilivyoshukuru kwamba mara ile mtu huyo si mimi. Hatimaye Mzee Seif akajiinua, akashika ukuta, akaenda mpaka mlango wa nje na kuufungua wazi, baridi yote ikaingia.

"Zuwena! Salma! Njooni," akaita. "Njoo na weye, kijana. Mwalimu kafa."

Alilisema kama habari iliyofika asubuhi ile ile. Bi Zuwena akaangua kilio, kilio chenyewe cha msiba, na Salma akamkumbatia baba yake akisema, "I'm so sorry, Dad, I'm so sorry," na Khamis amesimama kizingitini hajui aingie au asiingie, mpaka Mzee Seif akamvuta kwa mkono wa shati.

"Khitma ni Alkhamisi," Mzee Seif akatutangazia. "Nitapiga simu Unguja leo, mjane akae eda yake. Na posa yenu nimeipokea. Tukishamaliza msiba, tutaozesha."

Akarudi akasimama katikati ya ukumbi wake, mikono imelegea, kama wafiwa wanavyosimama wakingoja watu. Mtu wa kwanza kufika alikuwa Juma. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia Mola amrehemu, na Mzee Seif akaitikia amin. Nami nikasimama nyuma ya Juma, katika foleni ile ya watu wawili, nikangoja zamu yangu ya kumpa pole.